Upinde unabaki mkononi, mshale ndio unaokwenda

Niko likizo nyumbani Mwanza, na tangu jana jioni nimekosa raha. Tulikuwa tumekaa nje pale Kirumba, sato wa kuchoma mezani, nikawa namwonyesha mjomba picha za kwenye simu. Akafika kwenye picha ya vigumba vitatu, yaani vichwa vya chuma vya mishale, bado vimo ndani ya pakiti na bei imebandikwa juu: dola 45. Mjomba ni mtu wa soko la samaki la Mwaloni, amekulia kwenye mizani ya dagaa, hesabu hazimchukui muda. "Mjomba, laki na ushee kwa vyuma vitatu? Na nyumba ya bibi yako Misungwi inavuja?"

Watu wakacheka. Binamu mmoja akaongeza kwamba nimevuka bahari kwenda kuwa jangili. Nilinyamaza kwa sababu wakubwa walikuwepo. Pesa ya bati ilishatumwa, na aliyepewa akanunue anajijua. Lakini hili la mishale siwezi kuliacha lipite, kwa sababu hata vijana wanaoniandikia kila wiki wakitaka kuja Marekani wanadhani ni starehe ya mtu aliyesahau kwao.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama Greeley, kaskazini mwa Denver, jimbo la Colorado. Zamu nzima kisu mkononi na baridi ya jokofu mwilini. Kiswahili kinasikika pale kila kona, cha Goma, cha Bukavu, cha Kigoma. Nyama tunayoikata sisi wenyewe, ile ya kusaga ya kawaida kabisa, dukani inapita dola 12 kwa kilo. Anayenunua nyama Igoma alinganishe mwenyewe. Ndipo nikaanza kuwatazama wenzangu wa pale wanaojaza friza kila mwaka mwezi wa tisa bila kukanyaga bucha.

Wanamuwinda elki, mnyama wa milimani mwenye pembe za matawimatawi. Dume lake hupita kilo 300, mzito kuliko nyumbu wa Serengeti. Colorado wako zaidi ya 250,000, hakuna jimbo jingine la Marekani linalofikia idadi hiyo. Jike mmoja hutoa kilo sitini na zaidi za nyama isiyo na mfupa. Mkaazi wa jimbo hulipa leseni chini ya dola 100. Sasa mjomba apige hesabu hiyo pia.

Siku nilipoingia duka la pinde, kijana wa kaunta alinitazama akaniuliza kama kwetu si tunapaka sumu tu kwenye kijiti na kusubiri. Ilinichoma. Nilitoka familia ambayo babu alikuwa Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa mifugo ulipozidi Usukuma na Unyamwezi na wananchi wakaamua kujilinda kwa pinde na mishale. Mishale ya babu ilikaa kwenye podo juu ya mlango, hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Ng'ambo ya ghuba, Uzinza, wahunzi Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyolima Usukuma yote kabla bidhaa za meli hazijafika. Watu hao ndio wa kuambiwa vijiti?

Mzee mmoja mteja, mzungu mwenye mikono ya fundi, alisikia. Akamwambia yule kijana aniombe radhi, naye akaniomba. Kisha mzee akavuta kiti, akakaa nami mpaka duka linafungwa, akipima mshale mmoja mmoja kwenye mizani ndogo na kunieleza. Hakutaka hata soda. Nayaandika hapa kwa sababu mengi ninayoyajua yalianzia kwenye kiti kile, na kwa sababu watu wa namna hiyo wapo kule, tusiwasahau tunapohesabu matusi.

Swali la sumu lenyewe, ukiliondolea dharau, lina elimu kubwa ndani yake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanachemsha sumu ya waridi la jangwani, na sumu ile huusimamisha moyo. Kwa hiyo mshale wao unaweza kuwa mwepesi na kigumba chake chembamba. Kazi yake ni kufikisha sumu kwenye damu. Colorado sumu ni marufuku, kama ilivyo marufuku kwenye sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009. Ukiiondoa sumu, kazi yote inabaki kwa chuma. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata mishipa na mapafu, mnyama akaishiwa damu. Ukikata vizuri, elki huanguka kabla hajamaliza mita mia. Ukikata vibaya, anatembea na jeraha siku kadhaa na kufia kichakani, nyama ikaliwa na mbwamwitu. Hapo ndipo penye laki na ushee. Upinde unaweza kununua wa mtumba, na mimi nilinunua wa mtumba, kwa sababu upinde unabaki mkononi mwangu. Kinachomfikia mnyama ni mshale.

Uti wa mshale siku hizi ni wa kaboni. Watu wengi wanauliza urefu na rangi, wakati cha kwanza kuuliza ni ugumu. Ugumu huandikwa kwa namba ubavuni mwa uti: 400, 340, 300. Wanautegemeza uti kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, wananing'iniza uzito wa pauni 1.94 katikati, kisha wanapima umepinda kiasi gani. Ukipinda inchi 0.340 unaitwa 340. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, uti ni mgumu zaidi. Mshale unapotoka kwenye kamba haukai umenyooka; unajinyonganyonga kama kamongo aliyetolewa majini, ndipo unanyooka. Uti laini kuliko nguvu ya upinde haunyooki kwa wakati, unafika ubavuni kwa mnyama ukiwa bado umekaa upande, na nguvu yote inapotea. Mimi navuta upinde wenye nguvu ya pauni 65, uti wangu ni inchi 28, natumia 340. Ukirefusha uti au ukiweka kigumba kizito zaidi, unalegea, itabidi ushuke hadi 300.

Uzito hupimwa kwa greni. Gramu moja ni greni 15.4. Uti wangu una greni 9 kwa kila inchi, kwa hiyo 252. Soketi ya kufungia kigumba 50, kigumba 125, manyoya ya plastiki 24, na kile kipande cha nyuma kinachong'ata kamba 9. Jumla greni 460, karibu gramu 30. Unatoka kwa kasi ya mita 81 hivi kwa sekunde. Waliosoma fizikia sekondari wapige: nusu ya uzito mara kasi mara kasi, utapata nishati ya kama jouli 98. Wamarekani wanaihesabu kwa futi-pauni, ni 72 hivi. Jedwali linalofuatwa na wengi linasema mnyama wa ukubwa wa elki anataka kati ya 42 na 65, na kupita 65 ni kwa wagumu kabisa, nyati akiwemo.

Ila nishati si hadithi yote. Mmarekani mmoja, daktari Ed Ashby, aliifanyia mishale majaribio kwa wanyama halisi Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, na akafikia kwamba mshale unaopita greni 650 ndio unaoaminika kuvunja mfupa mzito. Mshale mzito unakwenda polepole, lakini ukishagusa nyama hausimami upesi. Wapo wanaolichukua neno lake kama Maandiko. Kwa elki mimi naona greni 460 hadi 500 zinatosha ukilenga nyuma ya bega na si juu yake. Kwa nyati ningemsikiliza Ashby bila kubisha. Analolisema ambalo nalifuata hata sasa ni kuweka uzito mbele, kwenye kigumba na soketi, ili mshale uvutwe na kichwa chake.

Kuna ulaghai wa bei hapa. Uti huuzwa kwa kipimo cha kunyooka: 0.006 ya inchi rahisi, 0.003 wa kati, 0.001 ghali. Kwa umbali wa mita 35, ambao mimi siuvuki, tofauti kati ya 0.003 na 0.001 hutaiona. Nunua wa kati, hiyo pesa iliyobaki ipeleke kwenye kigumba.

Vigumba viko vya aina mbili kubwa. Vipo vinavyofunguka, visu vimelala mpaka vigonge mnyama ndipo vikunjuke na kuacha tundu la milimita 50. Vinaruka vizuri, havisumbuliwi na upepo, na vijana wanavipenda. Mimi sivitaki kwa elki. Kufunguka kunakula nguvu, na ubavu wa elki una mifupa. Kisu kirefu chembamba kikigonga mfupa kwa pembe mbaya kinapinda au kinakatika. Vya pili ni vya visu visivyosogea. Sheria ya Colorado inataka kigumba kiwe na upana usiopungua inchi 7/8, karibu milimita 22, na makali ya chuma yasiyopungua mawili. Mimi natumia cha makali mawili, chuma kizima, unene kama milimita 1.5, na kila ukali umenolewa upande mmoja tu wa bapa. Kunolewa upande mmoja kunakifanya kizunguke kinapopenya, na kikikuta mfupa huupasua badala ya kukwama. Hicho ndicho cha dola 45 kwa vitatu. Vya bei nafuu vipo, visu vyake havifiki milimita moja. Mimi nakata nyama kwa riziki, najua chuma chembamba kinavyofanya kikikutana na mfupa.

Na makali. Kiwandani tunafundishwa siku ya kwanza kwamba kisu butu kinararua. Mshipa ulioraruliwa hujifunga upesi, mshipa uliokatwa safi unaendelea kutoa damu. Usiamini kigumba kwa kuwa kimetoka kwenye pakiti. Kipitishe kwenye malaika ya mkono; kisiponyoa, hakiendi porini. Kikishapita kwenye mnyama au kwenye shabaha, kinole upya au ukitupe.

Kabla ya kila mpigo wa mazoezi naushika uti ncha zote mbili, naukunja kidogo huku nauzungusha, na masikio yangu karibu. Ukisikia mpasuko mdogo, hata wa nywele, uvunje papo hapo usije ukaokotwa na mwingine. Kaboni ikipasuka wakati unaachia kamba, vijiti vyake vinaingia kwenye mkono unaoshika upinde. Fanya pia mazoezi na vigumba vyenyewe vya kuwindia, si vile vya duara vya shabahani peke yake. Visu vinakamata hewa, na kosa dogo la upinde ambalo hukuliona vitakuonyesha.

Ukishapiga, kaa. Hili kwa Msukuma ni gumu, maana damu inachemka. Ngoja nusu saa kabla hujanyanyuka, kisha nenda pale aliposimama uangalie mshale. Damu ya waridi yenye mapovu ni mapafu, mfuate. Damu nyeusi ni ini, ongeza muda. Majani mabichi yenye harufu ni tumbo. Rudi kambini, muache saa sita au zaidi, la sivyo utamkimbiza mpaka umpoteze. Na nyama yote inayolika lazima uitoe. Kuiacha ioze ni kosa la jinai kule, na hapo wazungu na wazee wetu wanaongea lugha moja.

Binamu aliyeniita jangili namuelewa, kwa sababu kwetu aliyekutwa na upinde karibu na Ndabaka, lango la Serengeti, haulizwi mara mbili. Ila jangili ni asiye na leseni. Ninyi mnaotaka kuja, hilo mlishike kuliko yote niliyoandika. Msishawishike na mtu atakayewaambia twende usiku na tochi. Kosa la wanyamapori linaweza kukuharibia makaratasi uliyoyasotea miaka. Leseni yako ikifungiwa jimbo moja inafungwa karibu kote, kwa mkataba ulioanza mwaka 1989 kati ya Colorado, Nevada na Oregon na sasa umezunguka karibu nchi nzima.

Ukifika Colorado, kaa miezi sita mfululizo kwanza ndipo utambulike mkaazi; ukikimbilia leseni kabla ya hapo utatozwa bei ya mgeni, zaidi ya dola 700 kwa elki. Wakati unasubiri, soma darasa la usalama wa uwindaji. Kila aliyezaliwa tangu Januari 1, 1949 lazima awe nalo. Cheti chake ni cha maisha na majimbo mengine yanakitambua, kwa hiyo hata ukihamia jimbo jingine kufuata kazi, darasa hilo husomi tena.