Siku moja maishani mwangu: fundi wa barua pepe mjini Arusha

Saa 12:10 asubuhi

Simu imeita kabla sijafunga kamba za viatu. Mwezi wa saba baridi ya Arusha haina utani, na huku Sakina mlima Meru umejifunika wingu hadi kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Barua haziingii tangu jana saa tisa. Nina wageni wa Ujerumani niliowatumia bei ya Serengeti, hata sijui kama wamejibu."

Ni mama mwenye ofisi ya utalii karibu na Mnara wa Saa. Namuuliza yale matatu ninayomuuliza kila mtu: unasomea barua kwa programu gani, ya mwaka gani, na seva ya barua iko kwa nani? Mawili amejibu. La tatu halijui, na simlaumu. Watu wengi wanaiona barua ikishafika kwenye kompyuta, safari yake haiwahusu. Mimi ndiyo kazi yangu: programu iliyo mezani na seva iliyo mbali zielewane, na zielewane kwa njia ambayo kila upande unaikubali rasmi. Ikipatikana njia ya panya, itafanya kazi wiki mbili halafu simu itaita tena saa kumi na mbili.

Saa 1:40 asubuhi

Nimeshuka daladala mjini. Binti anayefanya mafunzo kwa vitendo kwangu ameshafika kwenye kibanda cha chai, ameniagizia chapati mbili. Tukinywa, ananakili daftari langu. Ukurasa wa kwanza ni wa poti, yaani milango ya kuingilia kwenye seva: kupokea barua kwa njia ya IMAP 993, kwa njia ya POP3 995, kutuma 465 au 587. Chini yake, kwa wino mwekundu, 143, 110 na 25. Mbili za kwanza huanza mazungumzo yakiwa wazi, na isipotolewa amri ya STARTTLS ya kuyafunga, nenosiri linapita uchi. Ile 25 ni ya seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe.

"Kaka, kwa nini kutuma kuna milango miwili?"

Swali zuri. Kwenye 465 siri inaanza sekunde ya kwanza, kabla ya neno lolote. Kwenye 587 wanasalimiana kwanza hadharani, kisha ndiyo wanafunga mlango. Mwongozo wa Januari 2018, RFC 8314, unapendekeza siri ianze mwanzoni kabisa. Nikikuta seva inatoa zote mbili, nachukua 465. Ikitoa 587 peke yake, sina ugomvi nayo, mradi nimeiambia programu kwamba STARTTLS ni lazima.

Saa 3:05 asubuhi

Ofisi iko ghorofani, ngazi nyembamba, ramani ya Ngorongoro ukutani. Kompyuta ya mama ina Windows 7 na programu ya barua ya Outlook 2010, na kioo kinasema haiwezi kuunganishwa na seva. Naijaribu seva hiyo hiyo kwa laptopu yangu. Inaitika vizuri kwenye 993, ila kwa TLS 1.2 na 1.3 tu, yaani matoleo mapya ya ile lugha ya kufunga mazungumzo kwa siri. Hapo nimeshapata jibu. Wenye seva wamezima TLS 1.0 na 1.1, na wana haki, kwa sababu matoleo hayo yalistaafishwa rasmi Machi 2021 na hati ya RFC 8996. Windows 7 inaijua TLS 1.2 lakini inakuja ikiwa imezimwa, na Outlook 2010 iliachwa na watengenezaji wake Oktoba 2020. Programu na seva hazina tena lugha moja.

Mama ananiangalia. "Fundi aliyepita ikigoma hivi alikuwa anaweka 143, pale kwenye siri anachagua 'hakuna', inakubali. Si ufanye hivyo tuendelee na kazi?"

Sikubishana naye. Nilivuta kiti, nikafungua laptopu yangu, nikawasha Wireshark, programu inayoonyesha kila kinachopita kwenye mtandao. Nikaingia kwenye akaunti yangu ya majaribio, kwenye seva yangu ya majaribio, kwa poti 143 bila siri. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo. Nikausimamisha mmoja na kuukuza. Neno LOGIN, kisha anwani yangu, kisha nenosiri, herufi kwa herufi, pamoja na alama ya mshangao niliyoiweka mwishoni nikidhani inalifanya kuwa gumu.

Mama akasogeza miwani. "Hilo ndilo nenosiri lenyewe?"

"Ndilo, mama."

"Na mtu niliye naye kwenye Wi-Fi moja pale hotelini naye analiona hivi?"

"Akitaka, anaweza."

Akanyamaza. Tulikuwa tunafikiria kitu kimoja. Anayeingia kwenye kikasha cha ofisi ya utalii hana haja ya kuharibu chochote. Anasoma, anatulia, anasubiri mgeni akaribie kulipa, kisha anamwandikia kwa jina lako akimpa namba nyingine ya benki. Fedha zikishakwenda huko, mgeni anakuja uwanja wa ndege wa KIA na risiti mkononi, na wewe huna hata shilingi ya kumkodia gari. Ndiyo maana kwenye hili huwa siyumbi, hata mteja akikasirika na kumwita fundi mwingine.

Chumba cha mhasibu kina kompyuta mpya zaidi, ya Windows 11, inayotumika kuchapia vocha tu. Nikaomba wabadilishane. Kwenye ile ya zamani Thunderbird ya sasa, programu nyingine ya kusomea barua, isingekaa, toleo la mwisho kukubali Windows 7 lilikuwa la 115. Kwenye hii imekaa dakika tano. IMAP 993 kwa SSL/TLS, kutuma 465 kwa SSL/TLS, na jina la mtumiaji ni anwani nzima, maana seva nyingi zinakataa ukiandika kile kipande cha kabla ya @ peke yake. Jina la seva nimelichukua kwenye maelezo ya kampuni inayowahifadhia barua, neno kwa neno. Kwa kuwa ni IMAP, barua zote ziko kwenye seva, hakuna cha kuhamisha.

Zikaanza kushuka. Ya Wajerumani imo, imefika jana jioni. Mama alikwisha kuanza kuijibu kabla sijakunja waya.

Saa 5:40 asubuhi

Hoteli ndogo Kijenge. Dada wa mapokezi anasema kila asubuhi kinatokea kisanduku kinachosema cheti cha seva si halali, anabonyeza kuruhusu, anaendelea. Ameruhusu hivyo miezi mitatu. Nikatazama pembeni ya kioo: kompyuta inaamini tuko Januari 2009. Betri ndogo ya kwenye bodi, CR2032, ile bapa kama sarafu, imekufa, na kila umeme ukizimwa saa inarudi nyuma. Cheti cha seva, yaani kitambulisho chake, kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa kompyuta inayoishi 2009 cheti hicho bado hakijazaliwa. Nimebadilisha betri, nimeweka tarehe. Kisanduku hakikurudi.

Kilichoniuma ni ule mkono uliozoea kuruhusu. Siku kikija kisanduku cha mwizi wa kweli, mkono ule ule ungeruhusu.

Saa 7:15 mchana

Makande kwa mama lishe, ya moto, na parachichi pembeni.

Binti anauliza kwa nini nimekazana na IMAP wakati POP3 nayo ina poti ya siri na seva zote zinaikubali. Nikamsimulia. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimwekea bwana mmoja POP3 kwenye laptopu yake, kwa sababu intaneti yake ilikuwa ya kubahatisha na alitaka barua zake zote ziwe ndani ya mashine. Kisanduku cha kuacha nakala kwenye seva sikukiweka alama. POP3 ilifanya ilichoumbwa kufanya: ikavuta barua, ikazifuta kwenye seva. Laptopu ikaibwa kwenye gari. Miaka minne ya mikataba, picha za vibali, mazungumzo na mawakala, vyote viliondoka na ile laptopu. Seva niliikuta tupu. Yule bwana hakunifokea. Aliniuliza tu kama kuna sehemu nyingine ya kutafuta, na ilibidi nimwambie hakuna.

POP3 si mbaya kwa anayejua anachofanya. Ila mtu mwenye simu, laptopu na kompyuta ya ofisini anataka aone kikasha kile kile kote, na akijibu kwenye simu jibu lionekane ofisini. Hiyo ni kazi ya IMAP, ndiyo iliyotungiwa tangu miaka ya 1980 na Mark Crispin. Na hata hiyo haiondoi haja ya nakala ya akiba, kwa sababu ukifuta barua kwenye simu imefutika kote.

Saa 9:00 alasiri

Njiro, kwa mzee mfanyabiashara wa kahawa. Ana Gmail ndani ya Outlook 2013, na kila akifungua anaulizwa nenosiri, anaandika, inauliza tena. Amebadilisha nenosiri mara nne wiki hii, anaamini ameibiwa akaunti.

"Mzee wangu, nenosiri lako lilikuwa sahihi mara zote nne."

Tatizo ni namna ya kulipeleka. Zamani programu ilichukua nenosiri lako ikalikabidhi kwa seva, basi. Google walianza kuifunga njia hiyo kwa akaunti binafsi Mei 30, 2022, na Microsoft wakaanza kuizima kwenye Exchange Online, huduma yao ya barua za ofisi, Oktoba mwaka huo huo. Sasa wanataka OAuth 2.0: programu inafungua dirisha la Google lenyewe, unaingia humo, Google anaipa programu hati ya ruhusa, na nenosiri programu hailioni kabisa. Outlook 2013 na Gmail hawawezi kufanya hivyo kwa pamoja.

Kuna njia ya katikati. Ukiwasha uthibitishaji wa hatua mbili, Google anakupa nenosiri maalumu la programu, herufi 16, unaliweka mahali pa lile la kawaida. Linafanya kazi. Sikulipenda kwa mzee huyu, kwa sababu lingekuwa limekaa ndani ya programu iliyoishiwa matunzo tangu Aprili 2023. Nikamshauri Thunderbird, akakubali kwa sharti kwamba maandishi yawe makubwa.

Dirisha la Google likafunguka, likakataa. Likafunguka tena, likakataa. Dakika kumi na tano hivi tumehangaika, mzee ametuletea kahawa yake mwenyewe, hadi binti akaenda kwenye mipangilio ya faragha akakuta vidakuzi (cookies), vile vikumbukumbu vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye programu, vimezimwa. Bila vidakuzi dirisha la kuingilia haliwezi kumaliza kazi. Akaviwasha, mzee akaingia, akathibitisha kwenye simu yake, na barua ya mnunuzi wake ikawa ya kwanza juu.

Saa 10:35 jioni

Tukiwa kituoni Njiro, simu kutoka Karatu. Meneja wa kambi, barua zinaingia ila hazitoki tangu wabadilishe intaneti.

"Fungua sehemu ya seva ya kutuma. Poti inasemaje?"

"Ishirini na tano."

"Futa. Andika 587. Chini yake chagua STARTTLS. Uthibitishaji, weka nenosiri la kawaida."

Kimya. Kisha sauti ya mtu anayeshusha mzigo: "Zimekwenda zote, fundi."

Watoa huduma wengi wa intaneti wanaizuia 25 isitoke kwa wateja wao ili kompyuta zenye virusi zisimwage barua taka. Mlango wa 587 umetengwa kwa kazi ya mtumaji tangu 1998.

Saa 11:50 jioni

Tumerudi kwa mama, karibu na Mnara wa Saa. Amebakiza kompyuta ya dada wa oda. Nimemwachia binti, mimi nimekaa nyuma karibu na dirisha.

Ameandika jina, anwani, nenosiri. Thunderbird imejitafutia jina la seva yenyewe na imepata "mail" mbele ya domeni ya ofisi. Kisanduku kikatokea: cheti ni cha jina jingine. Kitufe cha kuruhusu kiko pale pale, kikubwa, na nikaona kishale kinasogea juu yake.

Kikasimama. Binti akaondoa mkono kwenye kipanya, akasoma kile kisanduku chote, taratibu, midomo ikitembea. Akainuka, akaenda kwenye kompyuta ya mama, akafungua mipangilio ya akaunti na kulitazama jina la seva nililoliandika asubuhi. Akalinakili kwenye daftari lake, akarudi, akafuta lile lililojitafuta, akaandika hili, akabonyeza jaribu tena.

Kisanduku hakikutokea. Akafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika tarehe juu yake.