Seli moja ndiyo iliyoninyima kufika Kikuyu

Gari langu la umeme, Nissan Leaf, ni la 2013, ile ya betri ya kilowati-saa 24, na ilishatumika Japani kabla ya kuja kwangu. Shida ilikuwa mlima. Natoka mjini Nairobi na chaji asilimia 40, nikifika Kangemi taa ya kobe, ile ya kuonya kwamba gari limepunguza nguvu, inawaka, gari linatambaa, matatu zinanipigia honi. Barabara ikisawazika, kobe katoweka.

Gereji ya kwanza walisema betri nzima imekufa. Kwa bei waliyonitajia, heri ningeuza gari.

Nikanunua kidude cha kuchomeka chini ya usukani, nikaweka programu ya Leaf Spy kwenye simu, nikamwomba mke wangu aendeshe. Seli zote 96 (kwa kweli kila moja ni jozi ya seli) huonekana kwenye skrini kama vijiti vimepangwa. Kwenye tambarare vililingana. Tulipoanza kupanda Waiyaki Way vikashuka pamoja, ila kimoja kikazama peke yake hadi chini ya volti 3. "Baba Njeri, kobe huyo!" Seli zimeungwa mfululizo, kwa hiyo gari zima humtii yule mnyonge.

Fundi niliyempata baadaye nilimwamini kwa sababu ya chai. Alichomoa plagi ya usalama, kisha akaketi kunywa kikombe kizima kabla ya kugusa chochote, umeme uliobaki kwenye mitambo upungue. Hata hapo alivaa glavu za mpira: ndani ya betri bado mna volti za kuua. Tafadhali, hii si kazi ya kujaribu nyumbani. Betri yenyewe inakaribia kilo 300 na hutolewa kwa chini.

Ndani mna moduli 48, yaani vifurushi vya seli, kama makopo bapa ya biskuti. Mimi nilitaka moduli ya kuweka mahali pa ile yenye seli mbovu iwe mpya, akakataa. Mpya katikati ya wazee haiongezi kitu. Alichukua ya Leaf iliyogongwa, iliyochakaa kama zangu, akakaa nayo siku mbili akiisawazisha volti na wenzake. Nilinung'unika sana kwa siku hizo mbili. Kifuniko alikifunga kwa gundi mpya pande zote, maana madimbwi yetu mnayajua.

Pau za uwezo wa betri kwenye dashibodi bado ni 8 kati ya 12, kama zilivyokuwa. Lakini juzi nilipanda Kangemi na asilimia 25, nikalipita lori la mchanga.