Klachi ya pikipiki kuukuu: usikimbilie pleti

Klachi za pikipiki za huku kwetu kusini mwa Tanzania haziishi kwa uzee peke yake. Zinaungua kwenye mchanga wa Msimbati, zinaungua kwenye mwinuko wa kupandia Newala msimu wa korosho, gunia mbili zimefungwa nyuma na dereva ameshika klachi nusunusu ili injini isizime. Kisha mwenye pikipiki ananunua pleti mpya (sahani zinazobanana ndani ya klachi), anafungiwa, na baada ya muda mfupi injini inalia tena bila pikipiki kwenda. Pleti zinalaumiwa kuwa feki. Mara nyingi pleti hazina kosa. Kosa ni springi zilizochoka, nyumba ya klachi (kikombe chenye vidole kinachobeba pleti) iliyochimbika, au oili isiyofaa, vitu ambavyo hakuna aliyeviangalia wakati injini iko wazi.

Maelezo haya ni ya injini za muundo wa Honda CG125, zile za SanLG na ndugu zake wengi wa 125 na 150. Boxer na TVS zinafuata mantiki hiyohiyo, ila mpangilio wa ndani unaweza kutofautiana kidogo.

Kabla ya kushika spana, hakikisha ugonjwa ni wa klachi. Endesha taratibu kwa gia ya tatu au ya nne, kisha vuta mafuta yote kwa ghafla. Injini ikipanda sauti na mwendo usipande, klachi inateleza. Sasa angalia mkono wa klachi kwenye usukani: ncha yake iwe na mchezo, yaani icheze bure, wa milimita 10 mpaka 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Ukiwa hauna mchezo kabisa, waya unaishikilia klachi wazi muda wote, na hapo dawa ni kulegeza nati ya waya tu. Uliza pia ni oili gani imo. Oili ya gari la petroli iliyoandikwa kuwa inapunguza matumizi ya mafuta ina viungo vya kulainisha msuguano, na klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Itateleza hata ikiwa mpya. Tafuta galoni lenye maandishi JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. JASO MB iache, hiyo ni ya skuta zenye klachi kavu. Kwa joto la pwani yetu, oili ya uzito wa 20W-50 inafaa sana kwa injini iliyokwisha kutembea miaka.

Ugonjwa wa pili ni kinyume chake: klachi haiachii. Ukiweka gia ya kwanza pikipiki inaruka, na fri haipatikani ukiwa umesimama. Hapo shuku waya uliolegea, pleti za chuma zilizopinda, au nyumba iliyochimbika.

Mahitaji: gasketi mpya ya kava la klachi, pleti, springi, sili ya kiki, lita moja na ziada ya oili, spana za T namba 8, 10 na 12, bisibisi ya nyota iliyo nzima, koleo la saklipu (pete ya chuma ya kufungia), na vernia ya kupimia unene kama unaweza kuazima. Gasketi inunuliwe kabla ya kufungua, kwa sababu ya zamani itachanika.

Pasha injini dakika chache, weka stendi kubwa, mwaga oili. Wapo wanaoilaza pikipiki upande wa kushoto ili wasimwage. Usifanye hivyo: oili iliyopita kwenye klachi inayoungua imejaa unga wa lainingi (nyenzo ya msuguano iliyobandikwa kwenye pleti), na huo unga utazunguka mpaka kwenye beringi. Fungua waya wa klachi kwenye mkono wake juu ya kava, toa kiki, toa pedali za miguu, na bomba la eksozi kama linazuia.

Bolti za kava ndizo zinazowatesa watu wa Mikindani na Lindi mjini. Hewa ya chumvi inaozesha chuma kilichoingia kwenye alumini, na kichwa namba 8 kinakatika au kinaviringika. Pulizia mafuta ya kupenya jioni, fungua asubuhi, na kabla ya kuzungusha gonga kichwa kwa nyundo ndogo mara kadhaa. Bolti hazilingani urefu. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila bolti mahali pake. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inapasua alumini, na ufa huo haurudi.

Kava likigoma kutoka, gonga pembeni kwa ubao. Usiingize bisibisi katikati, utakwaruza uso wa gasketi na oili itavuja daima. Wakati unalivuta, sukuma shafti ya kiki irudi ndani. Ikitoka pamoja na kava, springi yake inafyatuka na itabidi uipange upya.

Sasa uko mbele ya klachi. Legeza bolti nne za springi kwa kupishana, nusu mzunguko kila moja. Ukimaliza moja kwanza, sahani inayoshikwa na bolti hizo inakaa upande na nguzo za alumini zinavunjika. Chini yake kuna saklipu au nati yenye meno manne kutegemea toleo. Kwa nati, weka gia ya mwisho, mtu wa pili akanyage breki ya nyuma, na tumia soketi yake maalumu. Kuigonga kwa patasi kunafanyika kila siku, na kila siku kunaharibu meno. Vuta habu (kitovu kinachobeba pleti za chuma), pleti na presha pleti (sahani inayozibana) kwa pamoja, huku ukikumbuka mpangilio wake.

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Pleti ya lainingi ikiwa mpya ina unene wa karibu milimita 3.0. Ikifika 2.6 imekwisha. Nyeusi inayong'aa na kunuka kuungua pia ni ya kutupa, hata kama unene upo. Pleti za chuma ziweke juu ya kioo moja moja. Kipimo chembamba cha milimita 0.2 kikipita chini yake, imepinda. Ikiwa na rangi ya buluu, ilipata moto mkali, ibadilishe. Springi zisimamishe pamoja na mpya: iliyopungua urefu haina nguvu ya kubana, na badilisha zote kwa mara moja. Mimi naona springi ndiyo spea rahisi inayodharauliwa kuliko zote.

Kisha pitisha ukucha kwenye kingo za vidole vya nyumba ya klachi. Ukikutana na vijishimo, pleti zimekuwa zikichimba hapo na kunasa badala ya kuteleza. Vijishimo vidogo sawazisha kwa tupa laini, ukitoa kidogo na kwa usawa pande zote. Vikiwa virefu, nunua nyumba. Itikise pia nyumba kwa mkono: ikicheza sana kwenye gia yake, ndiyo ile sauti ya kugonga inayosikika pikipiki ikiwa fri na kupotea ukibana klachi.

Pembeni kuna kikombe cha chujio kwenye kichwa cha krenki (shafti kuu ya injini), kifuniko chake kina skrubu tatu. Humo oili inazungushwa na uchafu unaganda ukutani kama lami. Kwangua, osha kwa petroli, funga. Kuacha kikombe hicho bila kukisafisha wakati kiko wazi mbele yako ni kosa kubwa. Ukiona na chujio la wavu limechomekwa chini, livute, lioshe.

Pleti mpya za lainingi zilaze kwenye oili safi usiku mzima. Kavu zitaungua siku ya kwanza. Nyingi za 125 zina tano za lainingi na nne za chuma, lakini hesabu zako na upeleke moja ya zamani dukani, kwani meno na kipenyo vinatofautiana. Anza na lainingi, fuata chuma, malizia na lainingi. Pleti za chuma zina upande wenye ukingo wa mviringo. Zote zitazame upande mmoja. Meno ya presha pleti lazima yaingie sawasawa kwenye habu: yakikaa juu juu, springi zitabana chuma kwa chuma na klachi itateleza siku hiyohiyo.

Bolti za springi ni za M6, zinahitaji kukazwa kwa nguvu ya takriban Nm 10. Bila spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, shika T kwa vidole karibu na shingo na uache inapokaza. Ikizidi, nguzo inakatika.

Kwangua gasketi ya zamani yote, hakikisha pini mbili za kuongozea zipo, paka grisi nyembamba. Silikoni nene inabanwa ikaingia ndani na kuziba njia ya oili. Weka sili mpya ya kiki, rudisha kava, kaza kwa kupishana. Injini iliyofunguliwa hupokea karibu lita 1.1, amini kijiti, si chupa.

Rekebisha mchezo wa waya, kisha kwa siku za mwanzo usibebe mizigo mizito wala kuingia kwenye mchanga. Lainingi zikishakaa mahali pake mchezo utabadilika, basi upime tena baada ya kilomita 200 hivi.