Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Mbeya na chupa ya minyoo ya bahari

Saa 11:15 alfajiri

Mwezi wa saba Uyole hauna mzaha. Maji ya kunawa uso yanauma mpaka meno, na nimevaa masweta mawili nikiwa bado ndani. Kwa kawaida saa hizi napitia andalio la somo. Leo nimeamkia chupa.

Chupa yenyewe ilishuka jana jioni stendi ya Nane Nane na basi la Dar. Mdogo wangu anafanya kazi pwani, nikamwomba anikusanyie minyoo ya chambo, ile ambayo wavuvi huichimba kwenye tope maji yakitoka. Amejaza chupa ya lita moja, minyoo ndani ya spiriti, akaiviringisha kwa kanga kuukuu. Pembeni ameweka jiwe ambalo sikuliagiza, limejaa vijirija vyeupe vigumu vilivyojipinda. Amenitumia ujumbe: “Dada, hiki sijui ni nini ila nadhani utakipenda.” Nimekipenda.

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita. Wanafunzi wangu wengi hawajaiona bahari. Ziwa Nyasa wanalijua, wapo waliozaliwa Kyela na wanaogelea kuliko mimi, lakini polikaeta, minyoo ya pingili yenye nywele nyingi, karibu wote ni wa maji chumvi. Wapo zaidi ya spishi 11,000 zilizokwisha kupewa majina, katika familia zaidi ya 80, na mwanafunzi wa nyanda za juu huwasoma wote kupitia mchoro mmoja wa Nereis, mmoja wao, uliofifia kwa kutolewa fotokopi ya fotokopi.

Saa 12:40 asubuhi

Daladala. Konda ananusa, anauliza kama nimebeba gongo. Namwonyesha. Abiria wa pembeni anahamia kiti cha nyuma bila kuombwa, nami napata nafasi ya kuweka mkoba.

Saa 1:30 asubuhi

Ofisini, mwalimu wa historia anaichungulia chupa na kutoa hukumu: “Mnyoo ni mnyoo, Madam.”

Namwambia ana mwenzake mkubwa. Carl Linnaeus, baba wa uainishaji wa viumbe, mwaka 1758 aliwatupa wanyama karibu wote wasio na uti wa mgongo na wasio wadudu kwenye kundi moja aliloliita Vermes, yaani minyoo. Konokono humo, pweza humo, kiti cha pweza humo. Ni Lamarck, mwaka 1802, aliyewatoa wenye pingili na kuwapa kundi lao, anelida. Jina Polychaeta, yaani polikaeta, likaja na mtaalamu Grube mwaka 1850. Mwalimu wa historia anapenda miaka, kwa hiyo ananisikiliza hadi kengele ya mstarini.

Saa 2:20 asubuhi

Sina kipindi hadi baada ya chai, na maabara iko wazi. Hadubini yetu nzuri ni moja, ya mwanga wa kioo, na leo naishukuru kwa sababu umeme umekatika.

Nachukua mnyoo mmoja kwa kibano, naulaza kwenye sahani yenye maji kidogo. Urefu wake ni kama kidole changu cha kati. Kichwani ana macho manne, mawili mbele mawili nyuma. Papasi mbili fupi katikati, na pembeni viungo viwili vinene vyenye ncha ndogo inayojikunja. Nyuma ya hapo kuna jozi nne za nyuzi ndefu zilizolala shingoni. Kisha mwili unaanza, pingili baada ya pingili, na kila pingili imetoa kijiguu cha nyama kushoto na kulia, parapodia. Kwenye kila kijiguu mmesimama fungu la nywele za kaitini, zinang'aa ukigeuza sahani kuelekea dirishani. Hizo ndizo zilizompa Grube jina la Polychaeta, yaani wenye nywele nyingi.

Nachana chini ya shingo kwa wembe. Koo la mnyama huyu hutoka nje akitaka kuuma. Aliyekufa lazima umfungulie. Taya mbili, kahawia iliyoiva, zimepindana, na kando ya ndani zina meno ya msumeno. Ugumu wa taya hizi unatokana kwa sehemu na madini ya zinki yaliyofungamana na protini. Huwa najisikia vizuri kuyataja hayo kwa watoto wanaodhani zinki ni ya somo la kemia peke yake.

Ukuta wa koo nao una vimeno vidogo vyeusi, na wataalamu wameugawa ukuta huo katika maeneo manane, I hadi VIII. Unahesabu vimeno eneo kwa eneo, unaangalia umbo lao, ndipo unajua uko na nani. Huyu wangu, eneo la VI halina vimeno vya duara bali mistari mifupi iliyolala. Alama hiyo inanipeleka kwenye jenasi Perinereis, familia Nereididae. Nafika hapo naacha. Kwa spishi ningehitaji hadubini nyingine na siku nzima.

Mwingine kwenye chupa ni mrefu zaidi, mwekundu uliopauka, kichwa kimegawanyika mbele na kina papasi tano. Huyo ni Marphysa. Jenasi hii ina historia ya kwetu kabisa: Wilhelm Peters, Mjerumani aliyesafiri Msumbiji miaka ya 1840, ndiye aliyeelezea Marphysa mossambica mwaka 1854, na hadi leo ni chambo mashuhuri katika ufuo huu. Zanzibar nayo ilipitiwa na Cyril Crossland, aliyekusanya polikaeta huko mwaka 1901 na 1902. Wavuvi waliomchimbia hao minyoo, kama walikuwapo, siwajui kwa majina.

Saa 4:00

Chai na maandazi mawili kwa mama wa getini. “Ndaga fijo,” namwambia, asante sana ya Kinyakyusa, anacheka lafudhi yangu kila siku na kila siku ananiongezea maziwa.

Saa 4:40

Kipindi cha mara mbili, kidato cha tano. Vikundi sita, sahani sita. Nimewaongezea nyungunyungu ambao vijana wa zamu wamewachimba kwenye migomba nyuma ya bomba, maana kiangazi hiki kwingine kote udongo umekauka na wamezama chini.

Naanza kwa utiifu. Naandika ubaoni jedwali la vitabu vyetu: faila Annelida, yaani kundi kubwa, na ndani yake makundi matatu yaitwayo ngeli. Polychaeta, wa baharini, wenye parapodia na nywele nyingi. Oligochaeta, nyungunyungu na wenzake, wenye nywele chache. Hirudinea, ruba, wasio na nywele. Wananakili haraka kwa sababu wanajua hili ndilo linaloulizwa kwenye mtihani.

Kisha nawaambia wamweke nyungunyungu juu ya karatasi kavu na wanyamaze. Darasa zima linainama. Mnyama anatambaa, na karatasi inatoa sauti ndogo ya kukwaruza. Binti mmoja wa mbele anainua kichwa: “Madam, ana nywele!” Anazo. Kwa wengi ni nane kila pingili, fupi, zimechomoza kidogo tu. Vidole havizioni, karatasi inazisikia.

Hapo ndipo jedwali linapoanza kunisumbua, na sioni sababu ya kuwaficha. Swali la uainishaji wa kisasa ni nani ametokana na nani, na si nani ana nywele nyingi. Mwaka 2011 timu ya Torsten Struck ilichapisha katika jarida la Nature mti wa anelida uliojengwa kwa kulinganisha mamia ya vipande vya jeni. Walio wengi waliangukia katika matawi mawili makubwa. Errantia, ambako wako Perinereis na Marphysa wa kwenye sahani zetu, wengi wao watembezi. Na Sedentaria, ambako wako wakaaji wa mashimo na mirija, wakiwamo hawa wa kwenye jiwe la mdogo wangu, familia Serpulidae, wanaojijengea nyumba ya chokaa na kuifunga kwa kizibo wakiogopa. Na nyungunyungu je? Na ruba? Wako ndani ya Sedentaria. Hawasimami pembeni ya polikaeta kama ngeli za jirani. Wamo katikati yao.

Maana yake nawaandikia kwa chaki nyekundu: nyungunyungu wa migomba yetu ni ndugu wa karibu zaidi wa mnyoo wa kwenye jiwe hili kuliko Perinereis alivyo.

Kelele. Kijana wa nyuma anasimama kabisa. “Lakini Madam, huyu na huyu wana parapodia wote, nyungunyungu hana!” Swali zuri kuliko yote ya wiki hii. Namjibu kwamba mtu hatolewi kwenye ukoo kwa kukosa alichokuwa nacho babu. Binti akiolewa mbali, akabadili mavazi na kilimo, wanawe bado ni wa ukoo ule, na kitabu cha ukoo kinachoandika wote isipokuwa yeye ni kitabu chenye pengo. Nyungunyungu ameolewa nchi kavu. Parapodia hazina kazi kwenye udongo, zikapotea. “Polikaeta” kama ngeli ni ule ukoo uliomwacha binti, na ndiyo maana wataalamu wengi leo hulitumia jina hilo kwa mazoea tu, kwa urahisi wa mazungumzo.

Nawaambia pia ukweli usiopendeza kwa wapenda majedwali: matawi hayo mawili hayawamezi wote. Mnyoo wa moto, ambaye nywele zake za chokaa hukatikia kwenye ngozi na kuwasha, yuko nje yake. Sipunkula, kundi la minyoo wa baharini wasio na pingili hata moja na waliohesabiwa kuwa faila yao wenyewe, wako karibu na shina, na ni anelida.

“Sasa kwenye mtihani tuandike nini?” Ngeli tatu, nawajibu, na mkiwa na nafasi ongezeni sentensi moja. Najua baadhi yao wataiongeza.

Saa 7:10 mchana

Wali wa Kyela na maharage. Umeme umerudi.

Saa 8:30 mchana

Yule binti wa mbele amekuja ofisini na swali. Kama sipunkula hawana pingili, nani alithubutu kuwaita anelida?

Simpi jibu la moja kwa moja. Namsimulia habari ya pogonofora, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika somo hili. Ni minyoo myembamba ya vilindini, haina mdomo wala utumbo ikishakua. Wa kwanza alielezewa na mtafiti Caullery mwaka 1914 kutokana na meli ya utafiti Siboga iliyozunguka visiwa vya Indonesia. Kwa miongo kadhaa wakawa faila ya peke yao, na wapo waliowaweka karibu na wanyama wenye uti wa mgongo. Tatizo lilikuwa la kawaida sana: wakivutwa kutoka kwenye matope, mkia hukatika na kubaki chini. Kila mtu alikuwa akichunguza mnyama nusu. Mwaka 1964 mtafiti Webb alipata mkia, na mkia ulikuwa na pingili na nywele. Mwaka 1997 Damhnait McHugh akaonyesha kwa jeni kwamba pogonofora ni anelida waliomo miongoni mwa polikaeta. Leo ni familia moja, Siboglinidae. Humo yumo Riftia wa chemchemi za moto za Pasifiki, mrefu kupita mtu, analishwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Yumo pia Osedax, aliyetangazwa mwaka 2004, anayeotesha mizizi kwenye mifupa ya nyangumi waliokufa.

Binti anaandika kwa kasi. Akimaliza anauliza, “Kwa hiyo hata huyo wa mifupa ni ndugu wa nyungunyungu?” Ndiyo, na yeye ni Sedentaria.

Saa 11:00 jioni

Sokoni Mwanjelwa: viazi, parachichi, betri za tochi. Napita haraka, baridi imeshaanza kushuka.

Saa 2:15 usiku

Watoto wamelala. Nagawanya chupa ya mdogo wangu katika chupa ndogo na kuandika lebo kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Familia, jenasi, tarehe. Mstari wa mahali uko wazi, na mnyama asiyejulikana alikotoka ni mapambo ya kabati tu. Nampigia.

“Ulichimba wapi hasa?”

“Pwani, dada.”

“Pwani ni ndefu, mdogo wangu.”

Anataja ufuo, anataja kwamba ilikuwa kwenye tope chini ya mikoko na maji yalikuwa yametoka mbali, na kwamba jiwe alilikuta kando ya maji, kwenye miamba. Naandika vyote. Kisha namwagiza ya safari ijayo: minyoo ya aina moja chupa yake, nyingine chupa yake, kila chupa na kikaratasi ndani, abadili spiriti siku ya pili kwa sababu maji ya miili yao huipunguza nguvu. Akiona mnyoo mfupi bapa mwenye magamba mgongoni, anapenda kujificha chini ya mawe, amchukue kwa upole maana magamba hupukutika. Na mnyoo wa moto, yule mwenye vishungi vyeupe vinavyosimama ukimgusa asimshike kwa mkono mtupu.

“Huyo nilimwona,” anasema. “Wenzangu walinikataza.”

Nimemwambia atumie koleo.