Mshipa wa baba: picha ilisema hivi, waya ukasema vile

CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ya moyo wa babangu ilitoka na 60%. Yani ule mshipa mkubwa wa mbele umebana asilimia 60, na siku ile hapa kwetu Kisauni chai ya jioni ilipoa mezani, manake kila mtu kichwani mwake mzee ashawekwa stenti, kile kijibomba cha wavu cha kuuweka mshipa wazi.

Daktari wa moyo akatwambia tusikimbilie, apime kwanza. Akapitia mkononi, pale pa kushika mapigo, akaingiza waya mwembamba usiofika hata nusu milimita, una kipima presha karibu na ncha, ukavuka pale palipobana, afu baba akapewa adenosini, akaniambia baadae kifua kilimjaa joto na pumzi ikawa nzito kwa muda mfupi. Kwenye skrini ikatoka 0.86.

Hio namba ndo FFR. Ni presha ya damu baada ya pale palipobana ukiigawa kwa presha ya kabla yake. Sisi wa Mombasa tutaielewa haraka: bomba la ploti ukilitazama nje hujui maji yatafika juu ama hayafiki, ngoja alfajiri wapangaji wote wafungue mifereji pamoja ndo utajua, na adenosini kazi yake ni hio, inafungua vijishipa vyote ili damu ipite kwa wingi. Ikiwa 0.80 kushuka, stenti inafikiriwa. Juu ya hapo mara nyingi dawa zinatosha.

Nilipokwenda kusoma nikashtuka. Kwenye utafiti wa FAME, wa 2009, wenye wagonjwa 1,005, pale palipoonekana kwa macho kwenye enjiogramu (eksirei ya mishipa iliyotiwa dawa ya kuing'arisha) pamebana 50 hadi 70%, ni 35% tu ndo palikuwa panazuia damu kweli! Na kwenye CT nako, kalisiamu iliyoganda kwenye mshipa hung'aa ikaonekana kubwa kuliko ilivyo, na mshipa ukaonekana umebana zaidi.

Sisemi picha haina maana, hapana. Bila CT tusingejua pa kuangalia, na siku hizi kompyuta inaweza kukadiria FFR kutoka kwa picha hio hio bila waya, na PET, picha nyingine ya kutumia dawa yenye mionzi kidogo, inapima damu yenyewe, mililita ngapi kwa dakika kwa kila gramu ya misuli ya moyo. Lakini namba ikikaa karibu na mpaka, mimi kwa mzee wangu nataka waya.

Baba yuko kwa aspirini na dawa ya kolesteroli. Ile ripoti ya 0.86 nimeiomba, nimeitia kwenye bahasha moja na CT yake, kifua kikimsumbua tena daktari awe na cha kulinganisha.