Kulanti ilikuwa inakwenda wapi?

Tulikuwa tumeacha Mombo, tunapanda Lushoto kwa likizo ya Desemba. Gari la viti saba limejaa: watoto watatu, mama mkwe, mume wangu, mizigo hadi juu. Mlima ule ni kilomita 30 na ushei za kona mfululizo, na kabla ya Soni niliona mshale wa joto umeanza kupanda. Nikazima AC, nikafungua hita hadi mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini. Watoto wakalalamika. Mshale ukaendelea kupanda, nikaegesha pembeni na kuzima gari.

Vijana wawili walikuja na ndoo ya maji kwa nia njema kabisa. Mmoja alinyoosha mkono kufungua mfuniko wa rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, nikamshika mkono. Mfuniko wetu umeandikwa 1.1, ndicho kipimo cha mgandamizo unaoshikilia, na mgandamizo huo ndio unaozuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukiufungua wakati wa moto, yote yanalipuka kuwa mvuke usoni pako. Tukakaa karibu saa nzima tukila machungwa tuliyonunua Segera. Gari lilipopoa ndipo nikafungua kwa kitambaa, taratibu. Rejeta ilimeza lita moja na nusu.

Lita moja na nusu! Na siku ya safari tanki la akiba la kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, lilikuwa limejaa. Nilikuwa nimelijaza mwenyewe, kama nilivyolijaza wiki mbili kabla yake, na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Naongeza, naondoka, sijiulizi.

Tuliporudi Dar nililipeleka kwa fundi wa karibu na nyumbani, Tabata. Hakufungua hata boneti vizuri. "Dada, hapa gasketi ya silinda hedi imeungua. Tunashusha hedi." Hedi ni kifuniko cha juu cha injini, na gasketi yake ndiyo inayoziba maji yasiingie kwenye oili wala kwenye silinda. Bei aliyotaja ilipita milioni. Akaongeza kwamba kwa sasa atoe themostati, niwe natumia maji ya bomba. Nilimwambia nitarudi. Themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, haikuwekwa pale kama pambo. Ukiitoa injini inachelewa kufika joto lake na inakula mafuta, na tatizo la kuvuja linabaki palepale. Maji ya bomba nayo yanaleta kutu na magadi ndani ya rejeta, na ya visima vya kwetu yana chumvi unayoionja mdomoni.

Nikaamua kuchunguza mwenyewe kwanza. Asubuhi, injini ikiwa baridi, nilichora mstari kwenye tanki la akiba kwa rangi ya kucha nyekundu, kisha nikaandika kilomita kwenye daftari la zamani la mwanangu. Usiku nikatandika boksi la televisheni chini ya injini. Siku nne mfululizo boksi lilikuwa kavu, lakini kulanti ilikuwa imeshuka vidole viwili chini ya mstari. Nikafungua mfuniko wa oili: safi, hakuna ule utando unaofanana na chai ya maziwa. Mume wangu akasimama nyuma ya gari alfajiri nilipowasha: hakuna moshi mweupe. Kapeti ya mbele upande wa abiria, ilipo hita, kavu. Mapovu kwenye rejeta, hakuna. Kwangu mimi, hedi ilikuwa haina kesi ya kujibu. Ila nilisikia kitu kimoja: nikiegesha baada ya foleni ya Barabara ya Mandela, kulikuwa na harufu tamutamu mbele ya gari.

Mfanyakazi mwenzangu akanielekeza kwa mzee mmoja Ilala mwenye gereji ndogo chini ya mwembe. Nilimsomea daftari lote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, umenirahisishia kazi." Akafunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, akapampu hadi 1.1, tukasubiri. Dakika 10 baadaye mshale ulikuwa kwenye 0.8. Akachukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea, akakiingiza nyuma ya puli ya wota pampu, ile inayozungusha kulanti kwenye injini, kisha akaniita.

Kwenye kioo niliona ukoko wa rangi ya waridi, mkavu, kama chumvi iliyokauka kwenye jiwe la pwani. Juu yake kuna tundu dogo, na kwenye tundu kulikuwa na tone moja linalong'aa. Mzee akanieleza kwamba tundu lile limewekwa makusudi: sili inayoziba pampu ikichoka, kulanti itoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Gari likiwa la moto, tone likigusa chuma linakauka papo hapo. Ndiyo sababu boksi langu halikuona kitu, na ndiyo sababu ya ile harufu.

Alibadilisha wota pampu na gasketi yake, mkanda uliokuwa umeanza kupasuka, na mfuniko wa rejeta. Akasafisha mfumo, akajaza kulanti ya aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha akawasha injini na hita, mfuniko wazi, mapovu yakatoka hadi feni ilipowaka na kuzima mara mbili. Gharama zote, laki mbili na arobaini.

Wiki ya kwanza kulanti ilishuka upana wa ukucha. Mzee alikuwa ameniambia itashuka, ni hewa iliyobaki inatoka, nikaongeza mara moja. Tangu hapo kila Jumamosi kabla ya kuwasha nainua boneti, na kulanti iko sawasawa na mstari mwekundu. Pasaka tumepanda Lushoto tena, mzigo uleule, mama mkwe kwenye kiti chake kilekile. Pale Soni aliniuliza, "Mshale uko wapi?" Nikamwambia uko katikati, mama.