Nyanya za Ilula, kutoka tenga hadi chupa

Nyanya zinapojaa Ilula, mji mdogo wa mkoani Iringa, bei ya tenga huporomoka. Hapo ndipo ninaponunua za kuhifadhi kwenye chupa. Nje ya msimu hesabu hainilipi. Mkaa na vifuniko vipya hula faida yote. Ile nyanya nzito ya kopo ya dukani niliiacha kwa sababu ya ladha: imekaushwa maji mpaka imebaki rangi na uchachu.

Kilo 15 hunipa chupa 20 hivi za nusu lita. Nachukua aina iitwayo Tanya kwa kuwa nyama yake ni nene. Zilizopasuka, zilizooza upande au zilizochumwa kwenye mche uliokufa naziacha, maana asidi yake hupungua.

Nazitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kwenye maji baridi, ganda linabanduka lenyewe. Usizikate zote ukaziacha zikisubiri. Nyanya iliyokatwa ikakaa huanza kuvunja pektini, gundi yake ya asili inayoifanya iwe nzito, na kwenye chupa utaona maji chini, nyama imeelea juu. Mimi nakatia sufuriani sehemu ya sita tu, moto mkali, naziponda zikichemka, halafu naongeza zilizobaki kidogo kidogo bila kuziponda. Zikishaingia zote, nachemsha dakika 5.

Kila chupa ya nusu lita inapata robo kijiko cha chai cha unga wa asidi ya sitriki. Hili si la ladha. Nyanya zilizoiva sana huwa na asidi kidogo, na bakteria wa sumu ya botulini wana mbegu (spora) zisizouliwa na maji yanayochemka. Asidi ndiyo inayowazuia. Ndimu za sokoni hazilingani ukali, sizitegemei. Vitunguu, saumu na mafuta subiri siku ya kupika.

Najaza rojo kwenye chupa, naacha nafasi ya sentimita 1.3 juu, nafuta mdomo wa chupa, nafunika. Kisha nazichemsha chupa zenyewe: ndani ya sufuria, chini kabisa, natandika kitambaa, vinginevyo chupa hupasuka. Maji yavipite vifuniko kwa sentimita 2.5. Dakika zinahesabiwa maji yakishatokota: Dar es Salaam 35, huku Iringa mjini 45, kwani mwinuko hufanya maji yachemke kabla ya nyuzi 100. Nazima moto, nangoja dakika 5 ndipo nazitoa. Ukiharakisha, rojo huvuja.

Kesho yake bonyeza kifuniko katikati. Kikibonyea na kurudi, hakikushika: weka kwenye friji, pikia siku hiyohiyo. Chupa ambayo kifuniko chake kimevimba baada ya wiki kadhaa itupwe bila kuonja.